Kupiga picha miale ya jua la asubuhi kwenye miti yenye ukungu: mwongozo kamili kwa milima ya Kigoma

Ukitaka picha ya miale ya jua ikipenya kati ya miti yenye ukungu, anza kwa kutafuta kivuli. Mwale huonekana kwa sababu hewa iliyo kando yake haijapigwa na jua. Ukungu ukishamulikwa wote sawasawa, utapata picha nyeupe isiyo na mistari yoyote, hata kama kamera yako imegharimu mamilioni. Milima ya Kigoma inafaa sana kwa kazi hii: mabonde yake hubaki kivulini muda mrefu baada ya jua kuchomoza, na kwa miezi kadhaa ya mwaka mabonde hayo hulala yamejaa ukungu.

Nimeuandika mwongozo huu kwa mwenye kamera na kwa mwenye simu tu. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya kushika kifaa chochote: kuujua mlima, kulijua jua na kuijua hewa. Ukiyapata hayo matatu, kubonyeza ni jambo la dakika chache.

Miale inatokeaje

Mwanga unaopita kwenye hewa safi hatuuoni kwa ubavu. Tunauona unapogonga kitu. Ukungu ni matone ya maji madogo mno, kwa kawaida upana wake ni kama sehemu moja au mbili ya mia ya milimita, na kila tone hutawanya mwanga unaoligonga. Sehemu kubwa ya mwanga huo huendelea mbele, karibu katika uelekeo uleule uliotoka jua. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanasimama na jua mgongoni, kama walivyofundishwa kupiga picha za harusi, kisha wanashangaa miale haionekani. Geuka ulitazame jua lilipo, au upande wake wa karibu. Miale huwa na nguvu ukiwa unaelekea jua. Kadiri unavyolipa kisogo, ndivyo inavyofifia.

Miale hiyo kwa kweli huenda sambamba. Inaonekana imetawanyika kutoka sehemu moja kwa sababu ileile inayofanya kingo za barabara ndefu zionekane zinakutana kwa mbali. Jambo hili lina matumizi: ukilielekea jua moja kwa moja, miale itafunguka pande zote, ukigeuka kushoto au kulia kama robo ya duara, italala sambamba kama nguzo zilizoinama. Ni picha mbili tofauti kabisa kutoka mahali pamoja.

Jambo la tatu ni ukubwa wa matundu kwenye majani. Jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi angani. Kwa hiyo mwale unaopita kwenye tundu la sentimita 10 hupoteza ukali wake baada ya mita kumi hivi. Tundu la nusu mita litakupa mwale unaosomeka kwa zaidi ya mita hamsini. Ndiyo maana mwembe wenye majani yaliyobanana hukupa vimwale vichache vinavyoishia juu kwa juu, wakati shamba la mikaratusi, lenye mashina yaliyonyooka na nafasi kati ya mti na mti, hukupa miale mirefu inayofika chini.

Kuchagua mlima

Mjini Kigoma na Ujiji usitegemee sana ukungu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana joto karibu mwaka mzima, na pwani yake haipoi usiku kama nyanda za juu. Ziwa lipo kwenye mwinuko wa takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukitaka ukungu wa uhakika, panda.

Kwa mtu anayeanzia mjini, chaguo langu la kwanza ni barabara ya lami ya Mwandiga kwenda Manyovu, yenye urefu wa kilomita 60 hivi. Inapanda nyanda za juu kupitia Kalinzi, kwenye mashamba ya kahawa na migomba, hadi Buhigwe karibu na mpaka wa Burundi. Njiani kuna mabonde membamba, vichaka vya mikaratusi, na vijiji ambavyo moshi wa jikoni huanza kupanda kabla ya jua. Upande wa Kasulu, maeneo kama Heru Juu yana vilima na baridi ya kutosha. Ukienda huko lala hukohuko. Kuondoka mjini saa tisa usiku kwa bodaboda si jambo la kupendekeza kwa mtu yeyote.

Gombe ni habari nyingine. Hifadhi hii ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, na mabonde yake yanashuka kutoka mgongo wa mlima ulioko mashariki kuelekea ziwani magharibi. Maana yake ni kwamba ukisimama bondeni na kutazama mto unakotoka, unatazama jua linakotoka. Misitu ya mabondeni ni ya kijani mwaka mzima, ilhali migongo ya juu ni nyasi. Mahale, kusini zaidi, ni kubwa na ndefu kwa kimo: kilele cha Nkungwe kinafika mita 2,462, na ndani ya hifadhi unatembea kwa miguu, hakuna barabara za magari. Misitu ya huko ni mizuri kuliko yote niliyoitaja, ila inahitaji fedha, muda na mwongozaji, kwa hiyo siyo mahali pa kwenda kujifunzia. Jifunzie Kalinzi au kwenye mikaratusi ya kijijini kwenu, kisha uende Mahale ukiwa tayari mkono umezoea.

Popote utakapokwenda, tafuta vitu vitatu vikiwa vimekaa pamoja: mgongo wa mlima upande wa mashariki, miti kati yako na mgongo huo, na nyuma ya miti hiyo kitu cheusi au chenye kivuli, kama vile ubavu wa mlima ambao jua bado halijaugusa. Hicho cha tatu ndicho watu husahau. Mwale mweupe juu ya anga jeupe haupo. Mwale uleule mbele ya mteremko wenye giza unasimama wazi.

Kulipima jua la Kigoma

Miongozo mingi ya upigaji picha imeandikwa na watu wa nchi za kaskazini, ambako jua huchomoza likienda upande upande na mwanga laini hukaa muda mrefu. Sisi tuko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Jua letu hupanda karibu wima, nyuzi moja kwa kila dakika nne. Mwanga wa dhahabu unaosemwa sana hudumu kwetu kwa muda mfupi, na ukichelewa umechelewa.

Pia Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini inatumia saa ileile ya Dar es Salaam. Kwa hiyo jua huchomoza huku kama dakika 40 baada ya Dar. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza karibu saa 12:35 asubuhi, na katikati ya Julai ni saa 1:12 hivi. Mwishoni mwa Mei, ambacho ni kipindi kizuri, ni saa 1 na dakika mbili tatu. Hizo ni saa za upeo ulio tambarare. Bondeni ni baadaye zaidi, na hapo ndipo ngumi yako inapofanya kazi.

Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, iweke juu ya usawa wa macho. Upana wa ngumi, kutoka kidole kidogo hadi cha shahada, ni takriban nyuzi 10 za anga. Panda ngumi juu ya ngumi mpaka ufike ukingo wa mlima. Ngumi moja ni dakika 40 hivi za kuchelewa. Ngumi mbili ni saa moja na dakika 20 au zaidi kidogo. Kama mwishoni mwa Mei mlima wa mashariki una kimo cha ngumi moja na nusu, jua litakufikia karibu saa 2 na dakika tano.

Wengi huona kuchelewa huku ni hasara. Mimi naona ndiyo faida kubwa ya mlima. Bonde ambalo halijapigwa na jua linaendelea kuwa na baridi, na ukungu wake haujaanza kuyeyuka. Jua linapochungulia ukingoni tayari limeshapanda, miale inashuka kwa mshazari mzuri kupitia vilele vya miti, na inakutana na ukungu mzima. Kwenye uwanda wa wazi jua likifika kimo hicho, mara nyingi ukungu umeshapungua au umeshatoweka. Kimo cha ngumi moja hadi mbili ndicho ninachokipenda. Zaidi ya hapo mwanga unakuwa mkali na mweupe mno.

Kumbuka kwamba mahali jua linapochomoza huhama. Tarehe 20 au 21 Machi na 22 au 23 Septemba huchomoza mashariki kamili au karibu sana na hapo. Mwezi Juni hutokea nyuzi 23 hivi kaskazini mwa mashariki, yaani ngumi mbili na kidogo upande wa kushoto ukiwa umeelekea mashariki. Desemba huhamia kulia kwa kiasi hichohicho. Pengo la mlima lililokupa picha nzuri Juni halitakupa picha Desemba. Dira ya simu inatosha kabisa kupima haya, na zipo programu za kuonyesha njia ya jua juu ya ramani, lakini nenda na ngumi yako pia kwa sababu programu nyingi za bure hazijui urefu wa mlima ulio mbele yako.

Kuijua hewa

Ukungu wa bondeni hutokana na usiku mtulivu usio na mawingu. Ardhi inapoteza joto, hewa iliyo juu yake inapoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito inateremka mabondeni. Kama ina unyevu wa kutosha, mvuke wake hugeuka matone. Kwa hiyo unahitaji ardhi iliyolowa, anga lililo wazi, na upepo uliolala.

Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kukatika Aprili au Mei. Majuma yanayofuata mwisho wa mvua ndiyo ninayoyaweka mbele ya yote: udongo bado umelowa, mito bado ina maji, na usiku anga limesafika. Katikati ya masika pia zipo asubuhi nzuri, hasa ikinyesha alasiri kisha nyota zikatoka usiku. Kuanzia Julai ardhi imekauka na ukungu unakuwa haba isipokuwa kando ya mito.

Julai hadi Septemba kuna kitu kingine hewani: moshi wa mioto ya porini na mashambani. Nao unaonyesha miale, lakini tabia yake ni tofauti. Moshi mpya una chembe ndogo kuliko matone ya ukungu, hivyo hutawanya zaidi mwanga wa bluu. Ukiwa mbele ya kitu cheusi huonekana wa samawati, na jua likitazamwa kupitia moshi mzito huwa jekundu. Moshi wa jikoni nao uko hivyo hivyo. Tazama nyumba ya nyasi mama anapowasha kuni alfajiri: moshi hauna haraka, unajipenyeza polepole kwenye paa lote, unatandaa usawa wa migomba na kukaa hapo. Jua likifika, kila jani la mgomba linakata mwale wake. Wakati mwingine ukungu umekataa kabisa na picha ya siku ikatoka kwenye moshi wa nyumba moja.

Jioni ya kuamkia siku ya kazi, angalia anga. Kama mvua ilinyesha leo au jana, upepo umetulia, na nyota zimejaa saa tatu usiku, weka kengele ya saa. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri, toka nje uguse nyasi. Zikiwa zimelowa umande na nyota bado zipo, nenda. Kukiwa na mawingu mazito na nyasi kavu, rudi kitandani.

Vifaa

Kamera yoyote inayokubali kupangwa kwa mkono inatosha. Lenzi mbili zinatosheleza: moja pana kwa ajili ya miale iliyofunguka juu yako, na moja ndefu ya kati ya milimita 70 na 200. Ningelazimika kubeba moja, ningebeba ndefu. Inakuwezesha kuchagua kipande kidogo cha msitu chenye miale safi na kuacha vurugu nyingine nje, na inayasogeza matabaka ya miti yaonekane yamekaa karibu karibu, la mbele jeusi, la nyuma jepesi.

Beba stendi ya kamera, kitambaa laini kikavu zaidi ya kimoja, betri ya akiba, tochi ya kichwani, na viatu vya mpira virefu. Nyasi za asubuhi zitakulowesha hadi magotini, na ndani yake kuna siafu na nyoka. Ondoa kioo cha kinga mbele ya lenzi unapopiga kuelekea jua, kwa kuwa huzalisha madoa ya mwanga. Kivuli cha lenzi, ile kofia inayochomekwa mbele yake, kiache mahali pake, kinapunguza pia umande.

Umande ni adui wa kweli. Katika ukungu matone huifuata lenzi yenyewe: kwanza kioo kinaonekana safi, kisha kunatokea utando mwembamba kama pumzi, na ukiutazama kwa tochi kwa ubavu unaona vinukta vinaungana kimoja kimoja kuwa matone. Picha inapoteza nguvu kabla hujagundua. Futa kila baada ya dakika chache, usipumulie kioo, na kati ya picha na picha ielekeze lenzi chini au ifunike. Kama umelala kwenye chumba chenye kiyoyozi mjini, itoe kamera ikiwa ndani ya begi lililofungwa na uiache izoee joto la nje kabla ya kuifungua.

Kupiga: hatua kwa hatua

Fika mahali pako nusu saa kabla ya muda ulioupima kwa ngumi. Chagua fremu kukiwa bado na kivuli. Hakikisha nyuma ya miti kuna giza, na weka kitu kimoja cha karibu chenye umbo: shina, njia ya miguu, jiwe, mchikichi. Msitu wenye ukungu ukikosa kitu cha kushika jicho huwa ni kijivu tu.

Weka kamera ihifadhi picha kwa mfumo wa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana wala kulirekebisha. Weka rangi ya mwanga (white balance) kwenye alama ya jua au ya wingu. Ukiiacha ijiamulie itajaribu kuondoa uvuguvugu wa asubuhi, na ndio unaoutaka. Anza na tundu la lenzi la f/8, kasi ya shata ya sekunde 1/125, na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 200, kisha rekebisha. Ukungu ukiwa unakwenda haraka usishuke chini ya 1/60, la sivyo kingo za miale zitafutika.

Kwa mwanga, kazia macho sehemu angavu kuliko zote ndani ya mwale na uhakikishe haijaungua, yaani haijawa nyeupe tupu. Kamera ikiona giza la msitu itataka kung'arisha picha nzima, na miale itakufa. Punguza mwanga kwa nusu hatua hadi hatua moja na nusu (hatua moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), utazame kwenye kioo kama bado kuna maelezo ndani ya weupe. Giza la vivuli linaweza kuinuliwa baadaye. Weupe ulioungua haurudi.

Fokasi ya kujiendesha huhangaika kwenye ukungu, inaenda mbele na nyuma bila kushika. Iwekee shina lenye ukingo mkali mbele ya mwanga, ikishashika igeuze iwe ya mkono na usiiguse tena mpaka ubadilishe mahali.

Sasa ficha jua. Simama ili shina au tawi nene likae sawasawa mbele yake. Hapo utaona miale imetoka kando ya shina kwa nguvu, bila jua lenyewe kumeza kila kitu. Kivuli cha shina ni chembamba, na jua linapanda, kwa hiyo utahitaji kujisogeza hatua nusu kila baada ya dakika mbili tatu. Hapa stendi inaweza kukuchelewesha. Kukiwa na mwanga wa kutosha, shika kamera mkononi ufuate kivuli. Ukitaka jua lionekane kama nyota yenye ncha, liache lichungulie kidogo pembeni ya shina na ufunge tundu hadi f/16. Usilitazame jua moja kwa moja kupitia kitundu cha kioo cha kamera, hasa ukiwa na lenzi ndefu. Linaweza kuharibu jicho kabisa. Tumia skrini ya nyuma.

Piga nyingi katika dakika za kwanza. Ukungu hautulii: dakika hii miale ni minene, inayofuata imepotea, kisha upepo mdogo unaleta wimbi jipya kutoka bondeni. Ukipotea usiondoke. Subiri dakika kumi na tano. Mara nyingi jua linapoanza kupasha mteremko, ukungu wa chini hupanda na kupita tena kwenye miti yako, na hilo wimbi la pili huwa jepesi na zuri kuliko la kwanza. Kipimo changu cha unene ni hiki: shina lililo hatua hamsini mbele yako liwe limefifia lakini bado lina umbo. Kama haulioni kabisa, ukungu ni mzito na miale haitapita; panda mlima kidogo, mara nyingi ukingo wa ukungu uko mita chache tu juu yako. Kama unaliona wazi kama mchana, teremka karibu na mto.

Kwa mwenye simu

Futa lenzi kwanza. Simu hukaa mfukoni, na alama moja ya kidole hugeuza miale yote kuwa wingu. Gusa skrini mahali penye mwanga wa mwale, shikilia mpaka fokasi ifunge, kisha shusha mwanga kwa kidole hadi miti iwe karibu kuwa vivuli. Hiyo pekee inatenganisha picha nzuri na mbaya. Zima HDR kama simu yako inakuruhusu, kwa kuwa kazi yake ni kusawazisha mwanga na giza, na hapa unahitaji tofauti hiyo ibaki. Usivute zumu ya kidijitali. Kama simu ina lenzi ya pili ya mbali tumia hiyo, la sivyo sogea kwa miguu. Modi ya Pro (ya kupanga kwa mkono) ikiwepo, ISO iwe 50 au 100. Na ficha jua nyuma ya shina kwa bidii zaidi kuliko mwenye kamera, kwa sababu vioo vidogo vya simu hutoa nukta za kijani mwanga ukigonga moja kwa moja.

Watu, ruhusa na wanyama

Mtu mmoja akipita kwenye mwale anaipa picha kipimo na uhai. Lakini mwenye kuni kichwani alfajiri yuko kazini kwake. Msalimie kwanza, "Shikamoo mama", umweleze unachokifanya, umwombe. Wengi watakubali, baada ya kupanga kanga vizuri. Akikataa, shusha kamera. Akikubali, mrudishie picha iliyosafishwa kwenye karatasi. Studio za mjini Kigoma zinafanya kazi hiyo, na kijijini picha ya karatasi inatundikwa ukutani.

Kijiji usichokijua, pitia kwa mwenyekiti wa kitongoji jioni ya siku iliyotangulia. Mgeni anayezunguka gizani na begi karibu na mpaka ataulizwa maswali, na ni haki. Beba kitambulisho. Usipige picha vizuizi, askari wala majengo yao. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na hifadhini ruhusa nyingine juu yake.

Gombe na Mahale unatembea na mwongozaji. Mweleze jioni kwamba unataka mwanga wa kwanza bondeni, sio sokwe tu, ili ratiba ipangwe mapema. Ukikutana na sokwe, kaa umbali wa mita 10 au zaidi, vaa barakoa, zima fleshi. Mafua yetu yanaweza kuwaua. Usije ukamsogelea sokwe kwa sababu tu amekaa kwenye mwale mzuri.

Kusafisha picha

Kazi hii iwe ndogo. Kwenye programu ya kuhariri picha kama Snapseed au Lightroom ya simu, shusha kidogo weusi ili mashina yashike, ongeza tofauti ya mwanga kwa kiasi, na acha ukungu uwe ukungu. Kitufe cha kuondoa utusitusi (Dehaze) kinavutia kwa sababu hukaza miale mara moja, lakini ukikizidisha utaona anga limekuwa chafu na ukungu umegeuka rangi ya saruji. Bora ukitumie kwenye sehemu ya miale peke yake, kwa brashi. Vuguvugu la rangi liongezwe pale jua lilipogusa. Vivuli viache na ubaridi wao. Miale ya kubandika kwa programu sishauri kabisa. Mtu anayeijua Kalinzi atagundua mwanga umetoka upande ambao jua halitoki.

Kisha fungua daftari au simu uandike tarehe, saa mwale wa kwanza ulipogusa miti, kimo cha ukingo kwa ngumi, uelekeo kwa dira, na kama ilinyesha jana yake. Kumbukumbu hii inafaa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu jua hurudi njia ileile baada ya kugeuka tarehe 21 Juni. Pengo lililokupa miale tarehe 1 Mei litakuwa na jua tena tarehe 11 Agosti, likichelewa kwa dakika nane hivi. Ila Agosti ardhi imekauka, kwa hiyo jiandae kukuta moshi badala ya ukungu.